Jasho la Mfereji, Fedha ya Bomba

Mtu wa kwanza kukataa kulipia maji ya bomba katika kijiji kile ndiye aliyekuwa amechimba mtaro mrefu kuliko wote. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mkulima wa tangawizi na migomba, mchache wa maneno. Alichimba kipande chake akakimaliza, akachimba na cha mjane wa kaka yake, na mtaro ulipokutana na mwamba akarudi nyumbani kuchukua mtaimbo wake mwenyewe, kwa sababu aliona ule wa mradi umepinda. Miezi michache baada ya maji kufunguliwa, katibu wa kamati ya maji akapita na daftari kutangaza bei: shilingi 20 kwa ndoo. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza bila hasira yoyote: "Mwanangu, unaniuzia mtaro wangu?"

Katibu alinitazama mimi. Nami nilikuwa na stashahada ya Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, ambako nilifundishwa kupima msukumo, kuchagua bomba na kuchanganya zege. Swali la mzee halikuwemo kwenye mtihani.

Ilikuwa mwaka 2008, Upare wa Kusini, wilaya ya Same. Anayeijua Same kwa kupita barabara kuu ya Moshi na Dar es Salaam atashangaa kusikia kuna maji huko, maana kinachoonekana dirishani ni miiba, vumbi jekundu na mbuzi. Lakini ukiuacha mji na kuzunguka milima kwa upande wa Kisiwani na Gonja, halafu ukaanza kupanda, mambo hubadilika. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga upande wa mashariki wa milima na kumwaga mvua huko, upande wa pili ukabaki na kivuli tu cha mawingu. Juu kabisa kuna kilele cha Shengena, mita 2,462, na msitu wake wa Chome unaotoa vijito kila upande. Kwa hiyo shida ya kijiji haikuwa ukosefu wa maji. Maji yalikuwa korongoni na watu walikuwa mgongoni mwa mlima. Mwanamke alishuka na ndoo tupu na kupanda na kilo ishirini kichwani, njia ikiteleza, na wakati mwingine mtoto yuko mgongoni.

Kundi letu la kujitolea lilikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na vijana wa Kijerumani waliotafuta fedha za mabomba na saruji kupitia makanisa ya kwao, kisha wakaja wenyewe kufanya kazi. Kulikuwa na Watanzania wachache wenye ujuzi, nami nikiwa mmoja wao, Mchaga miongoni mwa watani zangu Wapare, jambo lililonipatia matusi ya kirafiki tangu siku ya kwanza. Na kulikuwa na wanakijiji. Hao katika taarifa za mradi waliandikwa "mchango wa jamii", kana kwamba wageni ndio waliojitolea na wenyeji walichangia tu. Nilipousoma ule mstari sikuupenda, na mpaka leo siupendi.

Hesabu ya mradi ilikuwa rahisi. Tuliipima chemchemi iliyokuwa juu ya kijiji mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yako chini kabisa, kwa ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Ndoo ilijaa kwa sekunde 40. Hiyo ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwanakijiji apate walau lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400 kufika kituoni, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Gawanya 43,200 kwa 25, unapata watu 1,728. Kijiji kilikuwa na watu wapatao 1,400. Wakiongezeka kwa asilimia mbili kwa mwaka, chemchemi ingewatosha kwa takriban miaka kumi. Tuliliandika hilo katika taarifa na tukalisema mkutanoni. Watu waliitikia kwa vichwa, kama mtu anavyoitikia habari za miaka kumi ijayo.

Mashine haikuhitajika, maana maji yangeshuka yenyewe. Ila mteremko nao una madai yake. Kila mita kumi za mteremko huongeza msukumo wa baa moja ndani ya bomba, na bomba la plastiki tulilonunua lilihimili baa kumi. Kutoka banio la chemchemi hadi kitongoji cha chini kabisa kulikuwa na mteremko wa karibu mita 180. Ukiliacha bomba lishuke moja kwa moja, litapasuka siku mtu wa chini atakapofunga koki. Kwa hiyo katikati ya njia hujengwa matenki madogo yaliyo wazi kwa hewa, maji yanamwagika humo, msukumo unakufa, halafu safari inaanza upya. Vijana wa Kijerumani walikuwa na mwenzao aliyesomea useremala, na yule kijana, nimpe haki yake, alitengeneza fomu za zege za matenki yale ambazo mafundi wa kijiji walizitumia tena na tena baada ya yeye kuondoka. Wenzake wengi walijitahidi na sululu mpaka viganja vikachubuka, huku watoto wa shule wakisimama ukingoni kuhesabu mapigo. Niliwahi kupiga hesabu ya nauli zao za ndege kimoyomoyo, nikaona zingenunua mabomba mengi. Baadaye nikaiacha hesabu hiyo. Wasingekuja kuona, makanisa yao yasingetoa.

Kazi ya kuchimba iliendeshwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Kila kaya ilipimiwa kipande chake cha mtaro, kina cha mita moja, na mwenyekiti wa kitongoji alitembea na orodha. Wageni walipanga kazi kubwa ifanyike mwisho wa wiki, wakati watu wametulia. Jumamosi ya kwanza wakafika na sululu zao, wasikute mtu. Upare wa Kusini ni ngome ya Wasabato tangu wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walipofika Mamba Giti mwaka 1903, na Mpare Msabato hachimbi mtaro siku ya Sabato, hata kama mtaro ni wa Wajerumani wengine. Jumapili ni ya Walutheri. Ijumaa mchana ni ya Waislamu. Kuna siku ya gulio, na hiyo haina dini. Tukabaki na siku chache za katikati ya wiki, na tukazitumia vizuri.

Msaragambo una sifa nyingi, nami nimezisikia zikisifiwa na watu ambao hawajawahi kuufanya. Ukweli ni kwamba haumlemei kila mtu sawa. Kaya yenye vijana watatu ilimaliza kipande chake kabla ya saa sita mchana. Mjane mwenye watoto wadogo alipimiwa kipande kilekile, na asipotokea alitozwa faini. Niliwaona wanawake wakiuza kuku ili walipe kijana wa kuwachimbia. Na tulipofika hatua ya kubeba mchanga kutoka kijitoni hadi kwenye tenki la akiba, karibu wabebaji wote walikuwa wanawake, kwa sababu kubeba mzigo kichwani kulihesabiwa kazi yao. Kamati ya maji ilipochaguliwa wakaingizwa wanawake wawili, kwa vile sera iliwataka wawemo. Mmoja wao alikuwa bibi ambaye nitamrudia.

Njia ya bomba ilipita kando ya ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo Wapare walilijenga mlimani tangu enzi za mababu ili kumwagilia mashamba. Usiku mfereji unalijaza, asubuhi linafunguliwa, na maji yanakwenda shambani kwa nguvu ambayo kijito peke yake kisingekuwa nayo. Tenki letu la saruji lilifanya kazi hiyohiyo. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nusu lita kwa sekunde inaweka akiba ya lita 18,000, nayo ndiyo huwapokea wachotaji wa alfajiri. Mchoro wa mradi uliitaja ndiva mara moja tu, kama kizuizi cha kuzungukwa. Nilisimama pale siku moja na mzee wa mfereji, yule anayegawa zamu, akanieleza sheria zake huku akinionyesha kwa fimbo. Mwenye haki ya zamu ni yule ambaye ukoo wake ulichimba. Wakati wa kuzoa tope au kuziba mfereji uliobomoka, kila mwenye zamu hutokea na jembe. Asiyetokea hutozwa, na akirudia, zamu yake inapewa mwingine. Zamani faini ilikuwa mbuzi.

Nilimsikiliza kwa adabu, nikamshukuru, nikarudi kwenye mabomba.

Maji yalifunguliwa kwa sherehe ya kawaida ya siku hizo: diwani, kwaya, utepe, pilau, hotuba ndefu. Maji ya chemchemi iliyojengewa vizuri huwa salama kiasi cha kunywewa, ila ndoo inayoyapokea mara nyingi si salama, kwa hiyo akina mama wa kamati walizunguka nyumba kwa nyumba kuhimiza usafi wa vyombo. Wageni wakaaga kwa machozi. Ndipo daftari la shilingi 20 likatoka, na swali la mzee nalo likatoka.

Lilienea haraka. Watu waliokuwa wameanza kulipa wakaacha. Hoja ilikuwa moja: wageni wametoa mabomba bure, sisi tumetoa jasho bure, Mungu anatoa maji bure, sasa fedha inaingia kwa mlango gani? Na tukumbuke kwamba hoja hiyo iliwahi kuwa msimamo wa serikali yenyewe. Mwaka 1971 Tanzania ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na mwanakijiji hakutakiwa kulipa. Nchi wahisani ziligawana mikoa. Wafini walikwenda Mtwara na Lindi, Waswidi mikoa ya Ziwa, Wadenishi Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mashine zilifungwa, maji yakatoka, kisha dizeli ikapanda bei, vita vya Kagera vikala fedha za nchi, vipuri vikakosekana, na mashine moja baada ya nyingine ikanyamaza. Sera ya 1991 ikaja kuwaambia wananchi kwamba sasa watachangia. Waliokuwa watu wazima wakati huo, kama mzee wetu, walikuwa wameshalelewa kuamini kwamba maji ni haki na kuyatoza ni unyonyaji. Siwezi kuwalaumu. Lakini nchi nzima ilipohesabu vituo vyake vya maji vijijini, katika zoezi lililofanyika mwanzoni mwa muongo uliofuata mradi wetu, ilikuta karibu vinne katika kila kumi havitoi maji.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mwenyekiti alisema, mtendaji alisema, mimi nikasimama na kueleza kwa takwimu bei ya valvu, maisha ya bomba, umuhimu wa akiba benki. Nilikuwa sahihi katika kila jambo na hakuna aliyenisikiliza. Mtu mmoja nyuma akauliza kama Mchaga anaweza kusimama mahali bila kutaja bei ya kitu, na mkutano ukacheka kwa dakika nzima.

Kisha akasimama yule bibi wa kamati. Alianza kwa Kiswahili kwa heshima ya wageni, akahamia Chasu, lugha ya Wapare, na kijana aliyekuwa karibu nami akawa ananitafsiria kwa kunong'ona. Hakusema na mkutano. Alimgeukia mzee mwenyewe, ambaye kwa ndoa alikuwa shemeji yake. Alimwuliza ndiva ya ukoo wao ilichimbwa na nani. Na babu zetu, akajibu. Babu zetu walipokwisha kuichimba, waliacha kuizoa tope? Mzee akanyamaza. Je, mwaka jana wewe ulikwenda kuizoa? Nilikwenda. Kwa nini, na babu yako alishachimba? Watu wakaanza kucheka. Akaendelea: mfereji wa udongo unadai jembe kila msimu, ndiyo maana hatulipi fedha, tunalipa migongo. Bomba hili tumelifukia. Likipasuka, jembe lako litalitoa tu ardhini, halitaliziba. Linataka soketi na gundi na mtu mwenye ujuzi, na hivyo vyote haviko shambani kwako. Basi ile shilingi 20 ndiyo kuzoa tope.

Nimehudhuria semina nyingi za uendelevu wa miradi tangu siku ile, baadhi katika hoteli nzuri za Arusha na Morogoro, na sijasikia mada ikielezwa vizuri zaidi. Mzee hakuwa mbishi asiyeelewa, kama baadhi yetu tulivyokuwa tunasema jioni kwenye kahawa. Alikuwa anafuata sheria ya maji aliyoikuta, sheria inayosema achimbaye ndiye mwenye maji, na alikuwa anaifuata nusu. Bibi alimkumbusha nusu ya pili.

Makubaliano yaliyotoka pale hayakuwa kwenye mwongozo wowote wa mradi. Siku za msaragambo zilizomo katika orodha zihesabiwe kuwa kiingilio, na kaya iliyohamia baadaye ilipe kiingilio chake kwa fedha. Ndoo ilipiwe na kila mtu. Wazee sana na wagonjwa wasilipe, na majina yao yabandikwe bombani hadharani, ili asiongezeke mzee mpya kila mwezi. Sharti hilo la mwisho lilipendekezwa na mzee wetu mwenyewe.

Jambo la fundi lilichukua muda mrefu zaidi. Kijana aliyefundishwa kutunza mtandao alikuwa hodari. Alijua kila valvu ilipofukiwa, alijua bomba lipi linashika hewa baada ya kusafisha tenki na lifunguliwe wapi ili hewa itoke. Lakini kazi yake ilikuwa ya kujitolea, na neno hilo lilimlea vizuri mpaka alipooa. Akaondoka kwenda Mererani kutafuta tanzanite, ramani yote ikiwa kichwani mwake. Kiangazi kilichofuata kitongoji cha chini kilikaa wiki kadhaa bila maji, kumbe ni hewa tu iliyoziba bomba, na hakuna aliyejua mahali pa kuitolea. Wanawake wakarudi korongoni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaosifu moyo wa kujitolea. Kujitolea kunafaa kazi yenye mwisho. Mtaro una mwisho, siku ya kufukia inajulikana, mtu anaweza kuutoa mgongo wake akijua lini ataurudisha. Kuamka usiku wa mvua kwenda kusafisha chujio la banio lililojaa majani, mwaka huu na mwakani na mwaka wa kumi, hakuna mwisho wake, na anayemwomba mtu aifanye kazi hiyo kwa uzalendo anamwibia. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyozaa RUWASA, wakala wa maji vijijini, imesogea upande huu. Imevitambua vyombo vya watumia maji vijijini kuwa watoa huduma kamili, na siku hizi vinatakiwa kuwa na fundi na mhasibu wa kuajiriwa. Kijiji chetu kilikuwa kimeshalifikia hilo kwa njia ya maumivu. Yule kijana alirudi bila tanzanite, wakampa mshahara mdogo wa kila mwezi, na sharti la kwanza likawa achore kwenye karatasi kila valvu ilipo.

Nimerudi huko mara kadhaa, safari nyingine kwa kazi na nyingine kwa kuitwa harusini. Miaka ile kumi ya taarifa yetu imepita, nayo hesabu imefanya ilichosema itafanya. Watu wameongezeka, na juu ya hilo wenye uwezo wamevuta maji hadi ndani ya nyumba, wana bafu na vyoo vya kuvuta, na lita 25 kwao ni asubuhi moja. Mwishoni mwa kiangazi kitongoji cha juu kinamaliza tenki kabla kitongoji cha chini hakijaamka. Kamati imeanzisha zamu: valvu ya juu inafungwa saa nne asubuhi. Aliyependekezwa kuzisimamia ni mjukuu wa yule mzee wa mfereji, na hakuna aliyeona ajabu.

Zamu hazitoshi, kwa hiyo wanataka chemchemi ya pili. Ipo, ng'ambo ya bonde, ina maji mazuri, nami nilisaidia kuipima. Kibali cha kuitumia hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na fomu zimejazwa. Lakini chemchemi hiyo inalisha ndiva ya kijiji jirani, na wazee wa pande zote mbili wamesema karatasi za bodi zisubiri kwanza waketi. Wameketi zaidi ya mara moja. Watani zangu wana sifa ya kuuza ng'ombe ili washinde kesi ya kuku, basi fikiria kesi ya maji.

Jirani hawakatai kugawana. Wametaja masharti: maji yachukuliwe usiku tu, ndiva ikishajaa. Na kijiji kitakachochukua kishiriki kuitunza ndiva. Kamati yetu ikajibu kwa furaha kwamba fedha ipo, kuna akaunti benki, watalipa kila mwaka na risiti itatolewa. Wenye ndiva wamekataa fedha. Wanataka watu waje wenyewe, na majembe yao, kila msimu wa kuzoa tope, na faini kwa asiyetokea.